Ngao Hii ni ya Nani? Asili ya Nembo za Ulaya na Watu Wanaozitunza Hata Leo

 

Kabla ya kuanza nataka ufanye jambo moja dogo. Tafuta nyumbani mwako kitu chochote chenye nembo ya serikali: barua iliyotoka ofisini, cheti, pasi ya kusafiria, au, kama uko Kenya, sarafu ya shilingi. Itazame vizuri. Katikati utaona ngao. Pande mbili za ngao wamesimama walinzi wawili. Katika nembo ya Tanzania ni mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu; katika ile ya Kenya ni simba wawili wenye mikuki; katika ile ya Uganda ni mnyama wa jamii ya swala upande mmoja, na korongo mwenye ushungi upande wa pili. Chini yao pana ardhi ya kusimamia, na kuna utepe ulioandikwa maneno machache, kama vile Uhuru na Umoja, au Harambee.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini nchi tatu jirani, zenye watu wa lugha nyingi na desturi nyingi, zilipanga alama zao kwa namna moja? Ngao zenyewe ni za kwetu, ni ngao za ngozi walizoshika mababu. Lakini mpango wa ngao katikati, walinzi pembeni na utepe wa maneno, huo haukuzaliwa huku. Ulikua polepole katika Ulaya ya magharibi, na mwanzo wake ni wa karibu miaka 900 iliyopita. Mwanzoni palikuwa na ngao peke yake. Mengine yaliongezwa baadaye. Leo tutaifuata ngao hiyo tangu ilipoanza kuwa na mwenyewe, maana hilo ndilo neno kubwa katika elimu ya nembo: si kwamba ngao ni nzuri au mbaya, bali ni ya nani.

Basi twende Uingereza, tarehe 14 Oktoba mwaka 1066. Siku hiyo William, mtawala wa Normandy kutoka ng'ambo ya bahari, alipigana na Harold, mfalme wa Waingereza, karibu na mji wa Hastings. Vita vilipokuwa vikali, uvumi ulienea katika jeshi la William kwamba yeye ameuawa, na watu wake wakaanza kukimbia. William akafanya nini? Akainua chapeo yake ya chuma, akaonyesha uso wake wazi, ili watu wamwone kuwa yu hai. Jambo hili limechorwa kwa sindano na uzi katika kitambaa kirefu cha karibu mita 70, kinachojulikana kwa jina la mji wa Bayeux huko Ufaransa.

Fikiri kidogo. Mtu mkubwa kuliko wote katika jeshi, naye hana njia ya kujulikana ila kufunua uso mahali ambapo mishale inaruka. Na si kwamba ngao za siku zile hazikupakwa rangi. Katika kitambaa hicho zimo ngao zenye misalaba, zenye madoa, na zenye wanyama wa mkia mrefu uliojikunja. Lakini mtu yuleyule aonekana mahali pamoja na ngao hii, na mahali pengine na ngao nyingine. Wala wajukuu wao hawakuzichukua alama hizo. Hilo lilikuwa pambo tu, kama mtu achoravyo maua kwenye ubavu wa basi. Ili pambo liwe nembo, yapasa mwenyewe alishike daima lisibadilike, watu wengine walijue kuwa ni lake, na watoto wake wairithi alama hiyo baada yake.

Hayo yalianza kuonekana katika karne ya 12. Mwaka 1128 mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alimpa kijana Geoffrey wa Anjou cheo cha bwana wa vita mpanda farasi, kwa kuwa kijana huyo alikuwa karibu kumwoa binti yake. Mtawa mmoja, aliyeandika habari za Geoffrey baada ya Geoffrey kufa, asema kwamba siku ile alitundikwa shingoni ngao yenye simba wa dhahabu. Labda utasema kwamba mtawa aliandika habari za kusikia, na ni kweli. Lakini ipo pia sahani ya shaba iliyotiwa rangi, iliyowekwa penye kaburi la Geoffrey katika mji wa Le Mans, nayo yaonekana hata leo. Geoffrey amesimama na ngao ndefu ya buluu, na simba wa dhahabu wamepanda juu yake. Sasa nenda katika kanisa kuu la Salisbury, Uingereza. Huko amezikwa William Longespée, aliyekufa mwaka 1226. Juu ya kaburi lake pana ngao yenye simba sita. Na huyo William alikuwa nani? Alikuwa mjukuu wa Geoffrey. Alama imetoka kwa babu ikafika kwa mjukuu, ikavuka na bahari. Hiyo si pambo tena.

Kwa nini jambo hili lilianza wakati ule, si kabla? Zamani walimu walijibu upesi: kwa sababu ya chapeo. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, kwamba wapiganaji walifunikwa uso kwa chuma, basi wakahitaji alama ili rafiki asimwue rafiki. Sikatai kwamba lina ukweli. Hata hivyo chapeo ya kufunika uso wote ilienea mwishoni mwa karne ya 12, na wakati huo nembo zilikuwa zimekwisha kuwapo. Tena, mtu aliyewahi kuona farasi mia wakikimbia mahali pamoja anajua vumbi lake. Ngao iliyopakwa matope haisemi jina la mtu.

Naona sababu nyingine mbili zina nguvu zaidi. Ya kwanza ni mashindano ya mikuki, ambayo vijana wa kiungwana waliyapenda kupita kiasi. Huko hapakuwa na haja ya kujificha; kila mmoja alitaka watazamaji wamjue. Ya pili ni muhuri. Katika nchi ambamo mabwana wengi hawakujua kuandika, hati ya shamba au ya deni ilitiwa nta, na nta ikagandamizwa kwa muhuri. Muhuri ndio uliokuwa sahihi ya mtu. Mabwana walichora juu yake farasi, ngao na alama ya ngao hiyo. Na kwa kuwa kila mwenye mali alihitaji muhuri, nembo hazikubaki kwa wapanda farasi tu. Wanawake walikuwa nazo, maaskofu walikuwa nazo, miji na vyama vya mafundi, na huko Normandy hata wakulima. Wale wanaosema kwamba nembo ni kitu cha watu wakubwa peke yao hawajatazama mihuri.

Kama wewe ni mpenzi wa mpira, unayo nembo ya muhuri mbele ya macho yako kila Uingereza ichezapo. Wale simba watatu kwenye fulana zao, mmoja juu ya mwenzake, wanaonekana katika muhuri mkuu wa pili wa mfalme Richard wa Kwanza, ulioanza kutumika mwaka 1198. Katika muhuri wake wa kwanza simba hawakuwa hivyo. Tangu mwaka ule wa 1198 simba watatu ni wa wafalme wa Uingereza.

Nembo zilipokuwa nyingi zikahitaji kanuni, nami nitataja moja tu, kwa sababu ukiijua hiyo utazitazama bendera na mabango yote kwa macho mengine. Rangi ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni madini: dhahabu, ambayo huweza kupakwa manjano, na fedha, ambayo huweza kupakwa nyeupe. Fungu la pili ni rangi zenyewe: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani, zambarau. Kanuni yasema usiweke rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Simba wa dhahabu juu ya nyekundu, vema. Simba mweusi juu ya buluu, hapana. Jaribu kwa kalamu za watoto kisha simama hatua thelathini mbali, utaelewa kwa nini. Watu wale hawakuwa na vitabu vya elimu ya macho, lakini walijua kinachoonekana mbali na kisichoonekana.

Sasa, nani aliyezikumbuka alama hizi zote? Kulikuwa na watu ambao nitawaita wapiga mbiu. Kwetu mpiga mbiu hupiga pembe ya nyati na watu wakajua kuna jambo. Wa kule Ulaya walitangaza mashindano ya mikuki na kutaja majina ya waliokuwa wakiingia uwanjani. Kazi hiyo iliwalazimisha kujua nembo za kila mtu kwa moyo. Halafu wakachukuliwa vitani, wakiwa watu wasiopaswa kuguswa na upande wowote. Waingereza walipowashinda Wafaransa huko Crécy mwaka 1346, mfalme Edward wa Tatu alituma watu wazunguke kati ya maiti na kuandika mabwana gani wamekufa, na wapiga mbiu wakaenda pamoja nao ili kuwatambua kwa nembo zao. Ilikuwa kazi ya huzuni. Yule asiyekuwa na nembo hakuandikwa.

Walizichora pia nembo katika hati ndefu za ngozi zilizokunjwa kama mkeka. Moja ya hizo, iliyoandikwa kati ya 1270 na 1280 hivi, ina ngao 324 za mabwana wa Uingereza. Leo imo katika maktaba ya taifa huko London. Katika karne ya 17 hati hiyo ilikuwa mikononi mwa Sir Edward Dering, mtu aliyependa sana historia, lakini alipenda zaidi ukoo wake mwenyewe. Akakwangua jina la bwana mmoja wa kweli, na mahali pake akamwandika mzee wa ukoo wa Dering ambaye hakuwapo kamwe. Tangu hapo hati yaitwa kwa jina lake, Dering, hivyo alipata sifa aliyoitafuta, pamoja na aibu ambayo hakuitafuta.

Lakini tuache wizi wa kalamu, tuje kwenye kesi. Mwaka 1385 mfalme Richard wa Pili alikwenda kupigana na Waskoti. Mabwana waliitwa kutoka kila jimbo, na watu waliokaa mbalimbali wakapiga hema pamoja. Hapo Sir Richard Scrope, mtu mkubwa wa kaskazini aliyewahi kuwa Kansela wa nchi, akamwona bwana wa upande wa Chester, Sir Robert Grosvenor, amevaa nembo ileile aliyovaa yeye: ngao ya buluu, na ukanda mmoja wa dhahabu uliokatiza kwa mshazari toka pembe ya juu mpaka chini. Wala hawakuwa ndugu.

Scrope akashtaki. Shauri likapelekwa mbele ya mahakama ya mambo ya vita, iliyoongozwa na ami yake mfalme. Mashahidi walioitwa walikuwa mamia kwa mamia. Alikuwako mtoto wa mfalme John wa Gaunt, na mwanawe ambaye baadaye alikuwa mfalme Henry wa Nne. Alikuwako Owain Glyndŵr wa Wales, ambaye miaka kiasi cha kumi na tano baadaye aliongoza uasi. Mzee Sir John Sully alihojiwa, akasema ana umri wa miaka 105. Wote waliulizwa mambo ya namna moja: uliiona wapi nembo hii, nani aliivaa, na wazee wako walikuambia ni ya nani?

Mwezi wa Oktoba 1386 akaja shahidi ambaye wakati ule alikuwa ofisa tu wa serikali. Ndiye Geoffrey Chaucer, ambaye leo Waingereza wamhesabu kuwa baba wa ushairi wao. Chaucer alieleza kwamba alimwona Scrope akiivaa nembo hiyo vitani Ufaransa, kabla ya yeye mwenyewe kutekwa na Wafaransa. Halafu akaongeza kisa. Siku moja alikuwa akipita Friday Street, mtaa wa London, akaona nembo hiyo imetundikwa nje ya nyumba. Akamwuliza mtu aliyekuwapo, je, hii ni nyumba ya wageni iliyotundika nembo ya Scrope? Yule mtu akamjibu kuwa siyo ya Scrope, imewekwa na bwana wa Chester aitwaye Robert Grosvenor. Chaucer akasema kwamba siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia habari za Grosvenor au za ukoo wake. Ushahidi wa namna hii ni mwepesi na tena ni mzito. Hana hati mkononi. Anayo macho yake na barabara aliyopita.

Hukumu ilitolewa mwaka 1389. Nembo ni ya Scrope. Grosvenor aliruhusiwa kuivaa kwa kuongeza upindo wa fedha kuizunguka ngao. Hakuridhika, akakata rufani kwa mfalme mwenyewe. Mwezi wa Mei 1390 mfalme akaamua jambo gumu zaidi: upindo huwatosha ndugu wa ukoo mmoja wapate kutofautiana, haumtoshi mtu wa nje. Grosvenor akanyang'anywa ukanda kabisa. Akachukua ngao ya buluu yenye mganda wa ngano wa dhahabu.

Miaka mitano na mashahidi mamia, kwa ajili ya mstari mmoja wa rangi ya manjano! Usicheke upesi. Mstari ule ulikuwa kwenye muhuri uliouzia mashamba, kwenye vioo vya kanisa, kwenye mawe ya makaburi. Ilikuwa sahihi ya wazee waliokwisha kufa. Kunyang'anywa nembo ni kuambiwa mbele ya watu kwamba babu yako hakuwa yule uliyesimuliwa.

Na hapa pana jambo ambalo wale mabwana hawakuliona, bali wewe waweza kuliona. Grosvenor alidai kwamba nembo imekuwa ya ukoo wake tangu mwaka 1066. Scrope naye alidai tangu 1066. Na bwana wa tatu, Carminow wa Cornwall, ambaye Scrope alikuwa amekwisha gongana naye zamani, alidai kuwa nayo tangu zama za mfalme Arthur; hao wawili waliachiwa kila mmoja aivae. Wewe uliyekuwa nasi tangu mwanzo wajua kosa liko wapi. Mwaka 1066 William mwenyewe hakuwa na nembo, ndiyo maana akainua chapeo. Wote watatu waliapa kwa mambo yasiyowezekana, nami sidhani kwamba walisema uongo. Miaka mia mbili ilikuwa imetosha watu kusahau kwamba kuna wakati ambapo nembo hazikuwapo.

Ukoo wa Grosvenor haukusahau. Baadaye ukawa tajiri sana kwa viwanja vya London, na mkubwa wake akapewa cheo cha Duke wa Westminster. Mwaka 1880 farasi wake alishinda mbio za Derby. Jina la farasi lilikuwa Bend Or, maana yake ule ukanda wa dhahabu uliopotea miaka 490 kabla. Tena ajabu ni kwamba wenye farasi wa pili waliweka pingamizi, wakisema kwamba huyo si Bend Or bali ni farasi mwingine aitwaye Tadcaster. Pingamizi lilikataliwa, lakini ni wazi kwamba jina lile halikuweza kukaa bila kesi.

Baada ya kesi ya Scrope wafalme waliona kwamba lazima pawe na daftari. Mwaka 1417 Henry wa Tano aliamuru kwamba mtu asivae nembo ambayo hakuirithi wala hakupewa na mwenye mamlaka, isipokuwa wale waliopigana naye huko Agincourt mwaka 1415. Mwaka 1484 Richard wa Tatu aliwafanya wapiga mbiu kuwa chama chenye nyumba na haki zake. Ndicho kiitwacho College of Arms, yaani Chuo cha Nembo, ambacho hata leo kiko London na kina maofisa 13. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliteketeza jengo lao, lakini vitabu viliokolewa. Tangu 1530 hadi miaka ya 1680 maofisa hao walizunguka majimbo wakikagua, na nembo za uongo zikafutwa hadharani.

Hata William Shakespeare aliguswa na mambo hayo. Baba yake, fundi wa glavu za ngozi, alipewa nembo mwaka 1596: ngao ya dhahabu, ukanda mweusi wa mshazari, na juu ya ukanda huo mkuki, kwa sababu nusu ya jina lao maana yake ni mkuki. Mwaka 1602 ofisa mmoja wa Chuo akamlaumu mkubwa wake kwamba anagawa nembo kwa watu duni, na katika orodha yake akamtaja Shakespeare mcheza michezo. Tena likaletwa lawama la pili, kwamba ngao hiyo yafanana na ya bwana mmoja wa zamani. Jibu likawa kwamba mkuki juu ya ukanda watosha kuzitenga. Waona, swali ni lilelile la mwaka 1390.

Huko Ufaransa swali lilijibiwa kwa njia nyingine. Mwezi wa Juni 1790, wakati wa mapinduzi, nembo zote zilipigwa marufuku pamoja na vyeo vya kuzaliwa navyo, na mafundi wakazichonga zitoke kwenye kuta. Napoleon alizirudisha mwaka 1808 kwa kanuni zake mwenyewe.

Labda wafikiri mambo haya yalikwisha. Sikiliza basi. Mwezi wa Desemba 1954 ile mahakama ya zamani iliitishwa tena London, baada ya kukaa kimya zaidi ya miaka 200. Mshtaki alikuwa baraza la mji wa Manchester. Mshtakiwa alikuwa kampuni ya jumba la michezo, iliyotumia nembo ya mji juu ya pazia la jukwaa na kwenye muhuri wake. Jaji Lord Goddard alisikiliza, na mji ukashinda. Lakini alishauri pia kwamba mahakama hiyo isiitishwe tena ovyo ovyo. Haijaitishwa tangu siku ile.

Ikiwa mahakama imelala, nani anayelinda elimu hii? Hapa ndipo vyama vya watu wa kawaida vinapoingia. Mwaka 1947 kijana wa kiasi cha miaka 20, John Brooke-Little, alianzisha chama cha wapenda nembo Uingereza, ambacho tangu 1950 chaitwa The Heraldry Society. Mwaka huohuo kikaanza kutoa jarida lake, The Coat of Arms. Brooke-Little baadaye aliajiriwa na Chuo chenyewe akapanda mpaka karibu na kilele. Tofauti ni hii: Chuo hutoa nembo, na kupata moja hugharimu maelfu ya pauni. Chama hakitoi nembo kwa mtu. Chafundisha, chafanya mitihani, chakaribisha mwalimu wa shule na fundi wa rangi, hata mtu asiye na nembo yoyote. Uskoti ina chama chake tangu 1977, na huko sheria ina meno: ofisa aitwaye Lord Lyon ana mahakama, na daftari lake ni la sheria ya mwaka 1672.

Palipo na mfalme kazi hii ni rahisi kuielewa. Vipi pasipo na mfalme? Huko Berlin kiko chama kiitwacho Herold tangu 1869. Wafalme wa Ujerumani waliondoka mwaka 1918, lakini chama kimeendelea kuandikisha nembo za familia, ziwe za mwashi au za daktari. Uswisi, ambayo haikuwa na mfalme, ina chama tangu 1891, na katika miji yake familia za kawaida zimekuwa na nembo kwa karne nyingi. Marekani haina sheria yoyote ya kumpa raia nembo. Lakini huko Boston, tangu 1864, iko kamati ya wanahistoria wa koo inayokagua nembo ambazo watu wanadai kuwa nazo.

Kazi ya kukagua yahitajika sana siku hizi. Wako wafanyabiashara wanaouza nembo za majina. Unawapa jina lako, tuseme Smith, nao wanakuuzia kibao kizuri chenye ngao, wakisema hii ndiyo nembo ya akina Smith wote. Hilo ni kosa katika nchi kama Uingereza na Uskoti. Nembo huko haikupewa jina. Ilipewa mtu mmoja na uzao wake. Katika maelfu ya akina Smith, labda wachache ndio warithi wa ngao ile, na wengine wamenunua ngao ya mtu. Vyama vimerudia kulisema jambo hili katika majarida yao kwa miaka mingi, na biashara haijapungua. Watu wataka babu, na kibao cha ukutani ni rahisi kuliko kutafuta katika vitabu vya ubatizo.

Turudi sasa kwenye ile barua au sarafu uliyoshika tulipoanza. Nchi zilizopata uhuru zilikuta elimu hii mlangoni, kila moja ikaamua la kufanya. Kanada ilisimamisha mamlaka yake yenyewe mwaka 1988, ili raia wake wasiombe tena London. Afrika Kusini ilifungua ofisi ya nembo mwaka 1963. Na Kenya ilitunga sheria mwaka 1968 ya kuanzisha Chuo cha Nembo chake yenyewe, cha kutoa nembo na kuziandikisha. Wakenya wengi niliowauliza hawajapata kusikia habari hiyo, na baadhi yao ni watu wa shule zenye ngao juu ya lango.

Basi kazi ya vikundi vya kusikiliza juma hili ni hii. Kila kikundi kichague shule, chama cha ushirika au timu ya mpira iliyo karibu, yenye ngao au alama yake. Ichoreni kwa rangi zake. Angalieni kama rangi imewekwa juu ya rangi. Kisha mwulizeni mzee wa chama, au mwalimu wa siku nyingi, ni nani aliyeichora, mwaka gani, na imeandikwa katika daftari gani. Majibu muyaandike nyuma ya karatasi pamoja na jina la aliyewaambia, mkaje nayo tutakapokutana tena.